Breki za seli za kiwele: umeuliza ni za ng'ombe gani?

Ukisoma kwamba protini ya TGF-beta huzuia seli za kiwele kugawanyika, uliza kwanza: seli za ng'ombe yupi? Mara nyingi ni MAC-T, zilizotangazwa mwaka 1991, za ng'ombe wa Holstein, zilizotiwa jeni ya kirusi SV40 ili zisiache kugawanyika. Hapo ndipo penye shida. Jeni hiyo hutengeneza protini inayoibana nyingine iitwayo Rb, na TGF-beta huitumia Rb hiyohiyo kufunga breki. Yaani unapima breki ambazo fundi keshazichezea! Matokeo yana faida, sawa, ila usiyabebe mzimamzima hadi kwa chotara wa Karatu anayekatiwa majani bandani, sembuse zebu wa Ngorongoro anayekamuliwa huku ndama ananyonya. Tuoteshe seli za viwele vyao kwanza, tulinganishe.