Kamera Imeona. Halafu Nini?

Umewahi kupita usiku kando ya kituo cha kupozea umeme? Uzio wa waya, bango la HATARI lenye fuvu, taa mbili tatu, na transfoma zinavuma zenyewe. Mtu hamna. Ndivyo ilivyo pia kwenye minara ya simu mlimani, pampu za maji porini na matangi yaliyo nje ya mji. Mitambo ya huduma zetu za kila siku kwa sehemu kubwa inaishi peke yake.

Siku hizi jibu la upweke huo linajulikana: funga kamera na vihisi vya mwendo, unganisha na intaneti, weka mtu mmoja kwenye chumba mjini aangalie vituo 50 kwa mpigo. Wauzaji wanakiita ulinzi wa mbali wa saa 24. Leo nataka tulikosoe jina hilo. Kamera yenyewe sina ugomvi nayo. Shida yangu ni neno "ulinzi".

Twende Marekani kwanza, maana huko kuna usiku mmoja ambao muda wake umeandikwa karibu dakika kwa dakika.

Ni tarehe 16 Aprili 2013, kituo cha Metcalf karibu na San Jose, California, mali ya kampuni ya PG&E. Kinapeleka umeme upande wa Silicon Valley, kitovu cha teknolojia duniani. Usiku hakikuwa na mtu. Kama saa 7 kasoro dakika 2 usiku, nyaya za faiba zilizopita chini ya ardhi jirani na hapo zikakatwa. Saa 7:31 risasi zikaanza. Wapigaji walikuwa nje ya uzio, gizani, ilhali kamera zilitazama uzio na ndani yake. Kilichonaswa ni mimweko na cheche tu. Saa 7:37 vihisi vikatoa kengele. Saa 7:41 mhandisi wa mtambo wa umeme wa jirani akapiga simu polisi kwamba anasikia bunduki. Risasi zikanyamaza saa 7:50. Polisi wakafika saa 7:51, wakakuta lango limefungwa na pako kimya, wakaondoka.

Zaidi ya risasi 100 zilipigwa. Transfoma 17 ziliharibika kwa sababu matundu kwenye sehemu za kupozea yalimwaga mafuta, karibu lita 200,000, nazo zikapata joto kupita kiasi. Hasara ilifika dola milioni 15. Miaka imepita na hakuna aliyekamatwa.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama sinema ya magaidi. Mimi naomba ukisome kama somo la hesabu.

Wataalamu wa kulinda mitambo, hasa wale wa maabara za Sandia huko Marekani waliozoea kulinda vitu vya nyuklia, wanagawa kazi hii sehemu tatu: kugundua, kuchelewesha na kufika. Mary Lynn Garcia, aliyefanya kazi huko, aliliandikia kitabu kizima mwaka 2001. Wazo lake kuu unaweza kulifanyia hesabu kwenye karatasi ya chipsi. Tuseme mwizi anahitaji dakika 1 kukata uzio, dakika 4 kuvunja mlango na dakika 10 kukata nyaya za shaba. Jumla 15. Kihisi kiko mlangoni, kwa hiyo unamgundua anapougusa. Zimebaki dakika 14. Gari la walinzi liko umbali wa dakika 40. Nani atashinda?

Ona sasa jambo ambalo muuzaji hakuambii: ukibadilisha kamera ya kawaida ukaweka ya bei mbaya inayoona hadi sura ya mtu gizani, dakika 14 zinabaki 14, na 40 zinabaki 40. Umenunua picha nzuri zaidi ya kuibiwa kwako. Uzio nao, kwa kuwa uko kabla ya kihisi, haukuongezei hata sekunde moja, maana muda anaoupoteza mwizi kabla hujamjua haukusaidii. Kitu kinachobadilisha matokeo ni kimojawapo kati ya vitatu: kumgundua mbali zaidi, kumchelewesha zaidi baada ya kumgundua, au kusogeza wanaokuja.

Pale Metcalf, uzio wa waya ulimchelewesha mtu mwenye bunduki kwa muda gani? Sifuri. Risasi inapita. Ukuta ungefaa, na kamera inayotazama nje ingefaa pia.

Tuje kwenye kengele zenyewe, maana hapa sayansi inauma zaidi.

Tuseme kampuni ina vituo 200, kila kimoja kinapiga kengele 5 za uongo kwa usiku: paka, popo, tawi la mti, mvua kwenye lenzi. Hizo ni 1,000 kwa usiku, 7,000 kwa wiki. Wezi wa kweli, tuseme, wanakuja mara moja kwa wiki. Halafu inaletwa programu ya akili bandia inayofuta asilimia 99 ya kengele za uongo na kukamata asilimia 95 ya wezi. Inapendeza kwenye tangazo, eh? Piga hesabu: kengele za uongo 70 zinabaki, na ya kweli ni moja au pungufu kidogo. Kwa hiyo kila kengele inapolia, uwezekano kwamba ni mwizi ni kama 1 kati ya 75. Jamaa wa chumba cha kuangalia ataona paka 74 kabla ya kumwona mtu. Baada ya miezi mitatu kidole chake kimeshazoea kitufe cha kufuta. Usimwite mzembe. Amejifunza kutoka kwenye takwimu zako mwenyewe.

Na hata asipozoea, atachoka. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mwingereza Norman Mackworth alichapisha jaribio lililotokana na tatizo la askari wa anga waliokuwa wakitazama rada wakati wa vita. Aliwaweka watu mbele ya mshale unaoruka hatua moja kila sekunde, na mara chache sana unaruka hatua mbili. Kazi ilikuwa kuiona ile miruko mikubwa kwa saa 2. Umakini ulishuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Nusu saa tu! Zamu za walinzi wetu ni saa 12.

Lakini haki itendeke. Usiku uleule wa Metcalf kulikuwa na ufuatiliaji mwingine wa mbali uliofanya kazi vizuri. Waendeshaji wa gridi, wakiwa mbali na kituo, waliuzungusha umeme upitie njia nyingine na mitambo ya eneo hilo ikaombwa izalishe zaidi. Transfoma 17 zimekufa, na Silicon Valley haikuingia gizani.

Tofauti ilikuwa wapi? Wote waliona kwa mbali. Waendeshaji wa gridi, wakishaona, walikuwa na la kufanya palepale: kufungua swichi, kufunga swichi, kupiga simu kwa mtambo fulani. Mtu wa kamera, akishaona, alikuwa na picha. Hapo ndipo ninapoliona kosa la "ulinzi wa mbali" wetu mwingi. Tunanunua macho, halafu bajeti inaishia hapo. Mikono tunaiacha kwa polisi wa kituo cha jirani, ambaye hata ufunguo wa lango hana.

Kuna la tatu. Kabla ya kununua chochote, lazima ujiulize unamlinda nani dhidi ya nani. Tarehe 7 Juni 2016 Kenya nzima ilipoteza umeme kwa zaidi ya saa 3. Tumbili alipanda paa la mtambo wa Gitaru akaangukia transfoma, transfoma ikazimika, mitambo mingine ikazidiwa na mzigo. Uzio wa umeme wa kuzuia wanyama ulikuwepo. Tumbili akasalimika, nchi ikakosa umeme. Kamera ingetupa video ya kuchekesha. Dawa ya tatizo kama lile ni kufunika sehemu zilizo wazi na kuhakikisha transfoma moja ikianguka haiburuti zote. Hiyo ni kazi ya fundi, wala haionekani kwenye brosha.

Metcalf yenyewe ilijifunza polepole. Agosti 2014, kampuni ikiwa imeshatangaza kuimarisha ulinzi, wezi walikata uzio wa kituo kilekile wakabeba vifaa vya ujenzi.

Sasa utaniuliza: kwa hiyo turudishe mzee wa rungu na tochi kila kituo? Hapana, na hapa naomba tusijidanganye kwa upande wa pili. Tukimweka mzee wa watu peke yake porini, mbele ya genge lililokuja na mapanga kufuata shaba na mafuta ya transfoma, tumemtoa kafara. Ufuatiliaji mzuri wa mbali ungemwokoa: angejua wanakuja wakiwa mita 200, angejifungia, na wenye uwezo wangekuwa njiani. Lakini tukumbuke pia nani aliwaita polisi usiku ule. Ni binadamu wa jirani mwenye masikio na simu. Wenye nyumba na maduka kuzunguka kituo ni vihisi vya bure, ilimradi wajue namba ya kupiga na waamini kuwa itapokelewa.

Basi siku ukikaa kwenye kamati ya maji ya kijiji, bodi ya shule au ofisi ya zabuni, na mtu akafungua kompyuta kukuonyesha kamera zake, muulize manne. Kengele ikilia, nani anafika, na kwa dakika ngapi usiku wa mvua? Mwizi anahitaji dakika ngapi baada ya kugunduliwa? Kwa wiki kengele za uongo ni ngapi, na nani amezihesabu? Mawasiliano yakikatwa, ule ukimya wenyewe unapiga kengele, au mnadhani kumetulia?

Akishindwa la kwanza, mengine usipoteze muda kuyasikiliza. Mwambie akuuzie ukuta na kufuli zuri.