Kandili ya Umm Hashim: Mwana Msomi na Dawa ya Mamaye

Msomaji kijana, magomvi ya nyumbani ni mengi, na aghalabu huisha kabla jua halijachwa. Lakini uko ugomvi mmoja usioisha upesi, nao ni ule wa mzazi anayetibu kwa dawa za jadi na mwana aliyekwenda shule akarudi na elimu ya kuzikanusha dawa hizo. Uchungu wake hautokani na dawa peke yake. Mwana huyo alisomeshwa kwa jasho la mzazi. Pengine ada yake ililipwa kwa kuku na mbuzi walioletwa na wagonjwa. Akisema kuwa kazi ya mzazi ni ujinga, amesahau wasia wa wahenga kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Akinyamaza, huenda mgonjwa akaangamia mbele ya macho yake, hali yeye alijua la kufanya. Afanyeje?

Swali hilo limeulizwa vizuri na kitabu kimoja kidogo cha Misri, nacho ndicho tutakachokipima hapa. Jina lake kwa Kiarabu ni Qindil Umm Hashim, na sisi tusemao Kiswahili hatuhitaji mkalimani wa neno la kwanza, maana kandili ni neno letu pia. Mtungaji wake ni Yahya Haqqi, aliyezaliwa mjini Cairo mwaka 1905 katika mtaa wa Sayyida Zainab, akafariki mwaka 1992. Kitabu kilitoka mwaka 1944. Umm Hashim ni lakabu ya Bibi Zainab, mjukuu wa Mtume, ambaye msikiti wa mtaa ule umeitwa kwa jina lake. Na kandili inayosimuliwa ni taa inayowaka juu ya kaburi linalozuriwa humo.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Sheikh Rajab, mwenye duka la nafaka karibu na msikiti, ana kitindamimba aitwaye Ismail. Kijana huyu hakupata alama za kumwingiza katika masomo ya udaktari nchini mwake, basi babaye akajinyima akampeleka Uingereza. Kabla ya safari alifungishwa uchumba na Fatima, binti yatima wa ukoo wao, ambaye macho yake yalikuwa mabovu. Ismail alikaa ugenini miaka saba. Huko alipendana na msichana aitwaye Mary, aliyemfundisha kusimama peke yake na kutoegemea imani wala jamaa; akarudi akiwa tabibu hodari wa macho.

Usiku ule ule wa kurudi, alimwona mamaye akimtia Fatima matone machoni. Aliuliza ni dawa gani, akajibiwa kuwa ni mafuta ya kandili ya Umm Hashim, yaliyoletwa na Sheikh Dardiri, mtumishi wa msikiti. Ismail alimfungua Fatima kitambaa, akatazama, akaona kuwa ugonjwa umekwisha kula kope na kwamba mafuta yale yanauzidisha. Hasira ikampanda. Alimpokonya mamaye chupa akaitupilia mbali, kisha akachukua fimbo ya babaye, akaenda msikitini akaipiga kandili ikavunjika. Watu wakamvamia wakampiga, na lau si Sheikh Dardiri, wangalimwua.

Alipopata nafuu alimtibu Fatima kwa elimu yake yote. Aliwauliza madaktari wenzake, nao wakasema kuwa njia yake ni sawa. Lakini macho hayakupona. Yalizidi kuharibika mpaka Fatima akawa kipofu. Ismail akaihama nyumba ya wazazi, akapanga chumba kwa mwanamke Mgiriki, akawa mtu wa kuzurura. Hatimaye, katika mwezi wa Ramadhani, usiku wa Lailatul Kadiri, moyo wake ulibadilika. Alimwendea Sheikh Dardiri akaomba mafuta, akarudi nyumbani, akamwambia Fatima asikate tamaa kwa kuwa amemletea baraka. Akashika tena kazi ya kumtibu, na safari hii akapona. Wakaoana, wakapata watoto wengi, naye akafungua zahanati katika mtaa wa maskini.

Sasa tukipime. Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni uadilifu wake katika kugawa lawama. Mtungaji mwenye akili ndogo angalimfanya mama kuwa mjinga wa kuchekwa, au angalimfanya mwana kuwa hayawani asiye na haya. Haqqi hakufanya hivyo. Kwa habari ya mafuta, Ismail alisema kweli: yalikuwa yakimdhuru Fatima. Na mama naye hakuwa mwovu: alimtia yatima yule dawa aliyoijua, kwa mkono wa upole, usiku baada ya usiku, wakati tabibu wa nyumba alikuwa ng'ambo ya bahari. Mmoja alikuwa na elimu pasipo upole. Mwingine alikuwa na upole pasipo elimu. Hapo ndipo penye msiba wa hadithi, na ndipo penye mafunzo yake.

Tazama, msomaji, mpangilio wa matendo ya Ismail. Alikuwa amekwisha kuitupa chupa. Madhara ya mafuta yalikuwa yamekoma kwa usiku ule. Kwa nini basi akaenda kuvunja kandili? Kandili haikumtia mtu upofu. Fimbo ile haikuwa tiba ya Fatima; ilikuwa fimbo ya kiburi, na ni fimbo ya babaye, yule yule aliyejinyima ili asome. Wahenga walisema hasira hasara, na hasara ya hasira hii ilikuwa kubwa: tangu saa ile hakuna mtu mtaani aliyeweza kumsikiliza Ismail, hata pale aliposema kweli. Elimu yake ilikuwa sahihi, lakini alikuwa ameuziba mlango wa kuipitisha.

Sifa ya pili ni mithali iliyofichwa ndani ya kisa. Ismail ni tabibu wa macho, naye haoni. Anapotembea mtaani mwake baada ya miaka saba, huona uchafu na usingizi tu, hawaoni watu. Hivyo kuna vipofu wawili katika hadithi, na wote wawili wanapona pamoja.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kusifu tu. Hapa penye mithali ndipo penye udhaifu pia. Haqqi ataka tusadiki kuwa dawa ilishindwa kwa sababu tabibu hakuwa na imani, ikafaulu alipoipata. Ikichukuliwa kama mithali ya moyo, neno hilo lakubalika. Ikichukuliwa kama habari ya maradhi, halikubaliki. Ugonjwa wa vikope huletwa na vijidudu vinavyoenezwa kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi. Vijidudu havimwulizi tabibu imani yake. Mtungaji angaliweza kutuonyesha sababu ya kibinadamu: labda mgonjwa asiyemwamini daktari hutumia dawa yake nusu nusu. Hakutuonyesha. Ametuachia muujiza, na msomaji asiye na hadhari aweza kufunga kitabu akidhani kuwa ni mafuta yaliyoponya.

La hasha! Soma tena kwa makini. Ismail aliirudisha chupa nyumbani, akaitaja baraka yake; lakini baada ya hapo kitabu chatuambia kuwa alirudi kwenye udaktari wake, hali imani ikimtegemeza. Kilichoponya macho ni dawa. Chupa iliponya nyumba. Tena katika zahanati yake alitoza pesa kidogo sana, akaacha fahari ya vyombo vingi, wala hakuacha kanuni za sayansi. Suluhu yake haikuwa kuchanganya nusu ya elimu na nusu ya ujinga. Alishika elimu yote, akaacha dharau yote.

Udhaifu wa pili ni ukimya wa wanawake. Macho yanayogombewa ni ya Fatima, lakini Fatima hasemi mengi. Na mama, akiisha kupokonywa chupa, hana nafasi ya kujitetea. Wapiganapo mafahali wawili, ziumiazo nyasi. Zaidi ya hayo, msimulizi ni mtoto wa ndugu yake Ismail, na kwa hiyo hukumu yote ya hadithi ni hukumu ya ukoo unaompenda ami wao na kumsamehe. Jaribu kuandika kisa hiki upya kwa ulimi wa Fatima, nawe utaona mambo ambayo Haqqi aliyapita.

Ili tusidhani kuwa jambo hili ni la Misri peke yake, tukumbuke riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo The River Between, iliyotoka mwaka 1965. Humo Mzee Chege, wa ukoo wa watabiri wa Wagĩkũyũ, anamchukua mwanawe Waiyaki mpaka kilima kitakatifu, na njiani anamwonyesha miti na mimea ifaayo kwa vidonda na kwa tumbo. Kisha mzee huyo huyo anampeleka mwanawe kusoma shule ya wamisheni. Urithi wa Chege si sawa na mafuta ya kandili. Mafuta yalitegemewa kwa ajili ya mahali yalikotoka. Mmea hutegemewa kwa kilichomo ndani yake, na kilichomo ndani chaweza kupimwa. Ndivyo alivyofanya Tu Youyou, mwanasayansi wa China: alipekua vitabu vya kale vya waganga wa nchi yake, akakuta habari za pakanga lililotibu homa, akalipima maabarani, na katika miaka ya 1970 ikapatikana dawa ya malaria ambayo ingali ikiokoa watu wa Afrika. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini yale majani yanayokamuliwa machoni vijijini mara nyingi huleta vidonda juu ya mboni, na wako waliopofuka kwayo. Vyote viwili huitwa dawa za jadi. Kimoja ni hazina, kingine ni hatari, na hakuna njia ya kuvipambanua ila kupima.

Basi, msomaji, ukiwa wewe ni mwana wa mganga au mjukuu wa mkunga, kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yako. Usikifanye kuwa ruhusa ya kunyamaza mbele ya dawa inayodhuru. Mtoto mwenye homa kali hana muda wa kungoja adabu zako, mpeleke hospitali. Wala usikifanye kuwa ruhusa ya kushika fimbo. Keti kwa mzazi wako, umwulize jina la kila mti, aliufundishwa na nani, na ni wagonjwa gani ambao yeye mwenyewe huwakataa. Andika. Atakayeona kuwa unajifunza kwake atakuwa tayari kujifunza kwako, nawe siku utakapomwambia, "Mama, hii tusimtie machoni," hatakuwa na sababu ya kuiona elimu yako kuwa ni adui aliyeingia nyumbani kwake.