Okestra Juu ya Mashamba ya Kahawa: Muziki wa John Barry na Ardhi ya Ruiru

Wahakiki wa filamu aghalabu hushughulika na hadithi, waigizaji na picha. Muziki huachiwa nafasi ya pambo. Mtazamo huo una upungufu. Muziki ni sehemu ya fani, na fani haitengani na maudhui. Kabla mhusika hajatamka neno, muziki umekwisha kumwambia mtazamaji ampende nani, aogope nini, na ardhi anayoiona ni ya nani. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hili la mwisho katika kazi mbili za mtunzi Mwingereza John Barry: Out of Africa (1985), hadithi ya mlowezi wa kahawa nchini Kenya, na Dances with Wolves (1990), filamu ya jamii ile ambayo watazamaji wa Afrika Mashariki wamezoea kuiita ya kauboi. Zote mbili zilimpatia Barry tuzo ya Oscar ya muziki.

Muziki wa filamu za kauboi una mapokeo yake. Jerome Moross, katika The Big Country (1958), aliipa okestra kazi ya kuupima upana wa nyanda kwa fidla zinazokwenda mbio na tarumbeta zinazoitikia. Ennio Morricone alishika njia nyingine katika filamu alizozitungia muziki tangu mwaka 1964: mluzi, gitaa, mjeledi na koo la mtu. Kwa Morricone, ardhi ni mahali pa watu wanaowindana. Kwa Moross, ardhi ni upeo wa macho unaomngoja mpanda farasi. Barry alifuata njia ya upeo, ila aliipunguzia mwendo. Fidla zake huimba kwa pamoja sauti ndefu zisizo na haraka, na baragumu hujibu chini yake.

Jambo linalostahili kuangaliwa ni mfuatano wa miaka. Muziki wa nyanda za Marekani wa mwaka 1990 ulitanguliwa na ule wa Kenya wa mwaka 1985, na fani ni ileile. Mashamba ya walowezi wa Kenya na nyanda za Walakota zimevikwa vazi moja. Kwa hiyo si kosa kusema kwamba, kwa upande wa muziki, Out of Africa ni filamu ya kauboi: inaitazama nchi kwa jicho la mgeni aliyefika na kuiona pana, nzuri na tupu.

Hapa ndipo Ruiru inapohitajika kama kipimo. Mapema katika filamu gari moshi hukata mbuga huku okestra ikipanda. Reli iliyopita Ruiru na kufika Thika mwaka 1913 haikukata utupu. Ilijengwa ili kuyahudumia mashamba ya walowezi katika ardhi ambayo Wakikuyu waliijua kwa majina ya mito na ya koo. Wala shamba la kahawa si upeo. Ni mistari ya miti iliyobanana, na kazi yake ni ya mkono: kupalilia, kupogoa, kuchuma tunda moja moja na kulipwa kwa debe. Kazi hiyo ina mwendo wake na sauti zake. Katika muziki wa Barry, mwendo huo hausikiki.

Wala haiwezi kudaiwa kwamba nchi ilikuwa kimya. Karen Blixen, ambaye kitabu chake cha mwaka 1937 ndicho msingi wa filamu, aliishi Kenya tangu mwaka 1914 hadi 1931. Katika miaka hiyohiyo, mwezi wa Machi 1922, umati ulikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakabili wanaume waliosita, wanawake wakapiga vigelegele, na risasi zikafuata. Mwaka 1929 wimbo wa Muthirigu ulienea Ukikuyuni, na mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Serikali ilisikia vema kwamba wimbo ulikuwa na nguvu. Okestra ya mwaka 1985 haikusikia.

Utetezi upo, nao ni wa haki kuelezwa. Barry aliieleza filamu hii kuwa si habari ya Afrika bali ya mapenzi ya watu wawili, na kwa sababu hiyo hakutaka muziki wa kienyeji uwe msingi wake. Hoja hii ina uaminifu. Muziki wa asili ukitumiwa kama kiungo cha mchuzi huwa dhihaka kubwa kuliko kunyamaza. Huzuni ya muziki huu nayo ni ya kweli: ni ya mtu anayekumbuka alichopoteza.

Hata hivyo, utetezi huo unavunjwa na muziki wenyewe. Katika sehemu mashuhuri ya ndege, wapenzi wanaruka juu ya nchi, na sauti kubwa kuliko zote inamiminwa juu ya ardhi inayoonekana chini. Mapenzi ya watu wawili yamegeuka kuwa hati ya kumiliki mandhari. Na hapo hujiunga kwaya: sauti za binadamu zisizo na maneno. Kwa mwanafunzi wa lugha, hilo ndilo lenye uzito zaidi. Katika Dances with Wolves angalau wahusika hunena Kilakota kwa urefu, hata kama okestra hubaki upande wa askari mgeni. Katika anga ya Kenya binadamu wamepewa sauti wakanyimwa lugha. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Ngũgĩ wa Thiong'o amekihakiki kitabu cha Blixen kwa ukali, mathalan katika Moving the Centre (1993). Muziki wa filamu unastahili uchunguzi wa namna hiyo.

Mwaka 1985 ulitoa mambo mawili yanayohusu kahawa ya Kenya. La kwanza ni filamu hii. La pili ni aina ya mkahawa iitwayo Ruiru 11, iliyozalishwa na watafiti wa Ruiru ili kustahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. La kwanza lilisambaa duniani likiwa na okestra. La pili liliingia mashambani bila wimbo. Leo sehemu ya mashamba ya Ruiru imekwisha kugeuzwa makazi, na Tatu City imejengwa juu ya ardhi ya kahawa. Miti ikiisha kung'olewa, kumbukumbu ya kahawa itakayobaki kwa wengi ni ile ya fidla za Barry. Ni muziki mzuri, na uzuri wake ndio unaoupa nguvu ya kusadikiwa. Kwa hiyo nyimbo za wachumaji hazina budi kukusanywa wangali wapo wanaozikumbuka.