Pampu Isihukumiwe Kabla ya Kifuniko cha Tangi

"Muzee, pampu ilishakufa." Dereva aliniambia hivyo hata kabla sijalitua sanduku la spana. Foklifti ya tani 3 ilikuwa imelala mbele ya ghala moja karibu na bandari ya Goma, na pembeni yake wapagazi walikuwa wanashusha saruji kwa migongo, gunia la kilo 50 kila safari. Tangu uwanja wa ndege ulipofungwa Januari 2025, kipuri kizito kilikuwa kikija kwa barabara, mpaka baada ya mpaka. Ukiikosea hukumu pampu, wapagazi hao ndio watakaolipa, wiki baada ya wiki.

Nilimwomba apandishe uma bila mzigo. Hapo ndipo uchunguzi unapoanzia, kwa sababu katika haidroliki kasi hutokana na wingi wa mafuta, na nguvu hutokana na presha. Foklifti inayopanda upesi ikiwa tupu lakini ikakataa mzigo, presha yake ndiyo haitoshi, na vali ya usalama huwa mshukiwa wa mapema. Hii ilichelewa hata tupu. Hata hivyo, fundi aliyetangulia alikuwa amekaza skrubu ya vali hiyo akitafuta nguvu, tena bila geji. Jambo hilo lilinikasirisha. Vali ya usalama ndiyo inayozilinda hosi zisipasuke, na mafuta yanayotoka kwa presha ya bar 150 au zaidi hupenya ngozi kama sindano. Niliirudisha kwanza kwenye kipimo cha kitabu cha mashine, geji ikiwa imefungwa, ndipo nikaendelea.

Tukapandisha tena. Hadi usawa wa kifua uma ulikwenda vizuri. Kupita hapo pampu ikaanza kulia kama inasaga changarawe, na uma ukasita. Dereva akaongeza kuwa asubuhi hali huwa mbaya zaidi. Mambo hayo mawili yalinitosha kuiondolea pampu lawama kwa muda. Pampu iliyolika husumbua zaidi mchana, mafuta yakiwa yamepata moto na kuwa mepesi, kwani huvuja ndani kwa ndani. Inayosumbuka asubuhi, mafuta yakiwa baridi na mazito, mara nyingi ina njaa: haifikiwi na mafuta ya kutosha. Nilichungulia mafuta tangini. Hayakuwa na povu, kwa hiyo bomba la kunyonyea halikuwa linavuta hewa. Wala hayakuwa meupe kama maziwa, dalili ya maji.

Nikaagiza uma upandishwe hadi pale unaposita, kisha nikalegeza kifuniko cha tangi taratibu. *Fyuuu!* Hewa ikaingia kwa kishindo, pampu ikanyamaza, uma ukaondoka.

Kifuniko kile kina tundu la kupumulia. Uma unapopanda, mafuta huhama tangini kwenda kwenye silinda, na hewa lazima ichukue nafasi yake. Pampu haina mkono wa kuyavuta mafuta. Hewa iliyo juu yake ndiyo inayoyasukuma. Mombasa hewa hiyo ina presha ya takriban bar 1. Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari, ni kama 0.85. Tundu likizibwa kidogo tu, hapa mashine huumwa mapema kuliko pwani.

Juu ya tundu hilo dereva alikuwa amefunga kipande cha mpira wa tairi la ndani. Alitaka kuzuia vumbi jeusi, lile la mawe ya volkano tunayoyakanyaga kila siku. Sikumlaumu. Vumbi hilo ni gumu na hukwaruza chuma, nalo lilikuwa limeingia pia: chujio la chini ya tangi lilitoka limevaa uji mweusi. Tuliliosha, tukabadilisha mafuta, tukaweka kifuniko chenye chujio lake cha hewa.

Lakini kazi haikuishia hapo. Tulipandisha mzigo kamili mafuta yakiwa na joto la kazi, tukazima injini, nikapiga mstari wa chaki kwenye mlingoti, na nikawaondoa watu wote waliokuwa karibu na uma. Kiwango cha kimataifa, ISO 3691-1, huruhusu mzigo ushuke si zaidi ya milimita 100 katika dakika 10 za mwanzo. Wetu ulivuka kipimo hicho mapema. Tukashusha, nikafungua hosi ya kurudishia iliyo juu ya silinda, nikaelekeza mdomo wake kwenye kopo. Mzigo ulipopandishwa tena kidogo tu, kopo likaanza kupokea mafuta, tone kwa tone. Kwa hiyo sili za pistoni zilikuwa zinavuja.

Sili ni kipuri kidogo, kinaingia mfukoni mwa msafiri. Hadi zifike, nilimkataza dereva kuacha mzigo ukining'inia, na wapagazi nikawaonyesha ule mstari wa chaki, wakaona kwa macho yao umbali ambao uma ulikuwa umeshuka bila mtu kugusa wenzo.