Punje Moja na Kikapu Kizima: Jinsi Jenomu ya Njugumawe Ilivyosomwa

Mpango wa karanga wa Waingereza huko Tanganyika, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao kwa ajili yake Nachingwea ilipata reli kutoka bandari ya Mtwara, uliitegemea mbegu yenye asili ya Amerika Kusini, ilhali njugumawe, mzawa halisi wa bara la Afrika, ikipandwa na akina mama pasipo hisani ya serikali yoyote. Maabara nazo hazikuiharakia, kwani haikupata rasimu ya jenomu yake, yaani DNA yake yote, ila mwaka 2019, pamoja na fiwi, mng'ongo na mimea mingine miwili, kwa juhudi za Muungano wa Mazao Yatima ya Afrika, ulioazimia kusoma jenomu za mimea 101.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: DNA ilitolewa katika majani, ikakatwakatwa, ikasomwa kwa mashine zitoazo vipande vifupi, kisha kompyuta ikaviunganisha kwa kutazama mahali vinapofanana, hata zikapatikana herufi za DNA ya njugumawe milioni 535 na jeni 31,707. Walakini sehemu kubwa ya jenomu ya mmea ni marudio matupu, nayo hayaungiki kwa vipande vifupi, mfano wa tasbihi iliyokatika, ambayo vijipande vyake vya punje mbili tatu havitoi ithibati ya urefu wa uzi. Ndiyo sababu fiwi ilirudiwa, na mwaka 2023 wataalamu, wengi wao Waafrika, wakatangaza jenomu yake iliyopangwa katika kromosomu zote 11, safari hii kwa mashine zinazosoma vipande virefu.

Njugumawe, kwa upande wake, ilikuwa na wepesi mmoja. Ua lake aghalabu hujichavusha lenyewe, kwa hiyo nakala mbili za kila jeni, ya baba na ya mama, huwa karibu sawa, na kompyuta haibabaiki kati ya mbili zinazotofautiana. Mng'ongo, ambao una miti dume na miti jike, hauna bahati hiyo.

Lakini wepesi huohuo, kwa rai yangu, ndio mtego wa anayetaka kuhifadhi mbegu hii. Maadamu kila punje hurithi nasaba yake karibu bila kuchanganyika, kikapu kimoja cha mbegu za mkulima huwa na koo nyingi zilizokaa pamoja, kila moja na damu yake. Na rangi ya ganda, ambayo ndiyo macho yetu huitegemea, hutawaliwa na jeni chache, hata punje mbili nyekundu zikaweza kuwa na nasaba za mbali zaidi kuliko nyekundu na nyeupe. Rasimu ya mwaka 2019 basi ni kipimo cha kulinganishia, wala haisemi ni koo ngapi zingali hai mashambani.

Mtafiti atakayefika kijiji kama Nandagala, mkoani Lindi, kwa azma ya kuzijua koo hizo asichukue gao la mbegu akalisaga pamoja, kwa kuwa atapata wastani usiokuwa wa ukoo wowote. Aoteshe kila punje peke yake, achukue jani moja moja, na aandike kando ya kila jani mbegu ile ilirithiwa kwa nani au ilinunuliwa gulio gani. Kisha asome sehemu ndogo tu ya jenomu ya kila mche na kuilinganisha na rasimu, jambo ambalo gharama yake ni hafifu mno kuliko kuunda jenomu mpya.