Mbege Niliyoipika Uzeeni

Baada ya miaka 30 bila kupika mbege, mwaka jana nilirudia kazi hiyo nyumbani, Kilimanjaro. Ndizi mbivu nilizichemsha, nikaziacha zichachuke. Lakini ulezi niliutwanga kabla haujaota vyema, na magome ya msesewe nikayazidisha. Dada yangu, aliyerithi upishi huu kwa mama, alionja kata moja akaitua.

"Kaka, huu ni uji mchungu."

Mimi niliyezoea kusahihisha walimu nilionja tena, nikakubali. Ulezi ukiota ndipo wanga wake hugeuka sukari. Nao msesewe huwekwa ili utamu wa ndizi usikinaishe, si kuufuta. Mbege yangu ilikuwa na haraka, kosa nililowakataza wanafunzi maisha yangu yote. Nimeloweka ulezi mwingine.