Tupa Mkononi mwa Mnoaji

Anayeingia dukani kununua chenso, yaani msumeno wa cheni, ya nyumbani huulizia injini kwanza: ina nguvu kiasi gani, inawaka upesi, inakunywa mafuta kiasi gani. Ni maswali ya haki. Lakini kazi ya injini ni kuzungusha cheni tu. Kinachokata ni jino, na jino lenyewe halifikii ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ndiyo maana katika kazi hii yote ninayemheshimu zaidi ni mnoaji, yule anayekaa na tupa yake akishughulikia jino moja moja mpaka cheni nzima iwe sawa.

Umbo la jino hilo lina asili yake. Mwaka 1946 Joseph Buford Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon nchini Marekani, alimwona buu wa mbawakawa akitafuna kisiki. Cheni za wakati ule zilikwaruza mti na kuisha makali haraka, ilhali buu yule alipita kwenye mti mgumu atakavyo, akifuata nyuzi zake au akizikata, kwa taya zinazokwenda kushoto na kulia. Cox akaingia kwenye chumba cha chini ya nyumba yake mjini Portland, akaunda cheni yenye meno yaliyopinda kwa mfano wa taya zile. Mwaka 1947 ilikuwa sokoni. Cheni tunazonunua leo bado zina mpangilio huo: jino la kushoto, jino la kulia, hivyo hivyo hadi mwisho wa duara.

Sasa mtazame mnoaji anayeijua kazi. Kwanza huifuta cheni utomvu na oili, kisha huubana upanga wa msumeno, lile bapa ambalo cheni hulizunguka, kwenye jiliwa usitikisike. Halafu hatulii mpaka apate jino fupi kuliko yote, maana hilo ndilo kipimo cha wenzake. Meno ya upande mmoja yakizidi urefu ya upande wa pili, msumeno huvuta upande na mkato hupinda, hata uushike kwa nguvu namna gani.

Tupa yake ni ya mviringo, na unene wake lazima ulingane na cheni. Huilaza kwenye pembe ya nyuzi 30 au karibu na hapo, sehemu ndogo ya unene wake ikichungulia juu ya ukingo wa jino. Husukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, kisha huinua. Hairudishi tupa ikiwa bado imegusa chuma, kwa sababu kurudi nako kunaua makali na kuimaliza tupa. Kila jino hupata misukumo sawa na mwenzake. Akimaliza upande mmoja, hugeuka na kuanza wa pili. Kwa upanga wa inchi 16 ni meno yasiyopungua ishirini na kitu, na mnoaji mzuri halikimbii hata moja.

Kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Mbele ya kila jino pana kinundu, nacho ndicho kinachoamua jino liume kwa kina gani. Kwa kawaida hukaa chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65. Kadiri jino linavyonolewa ndivyo linavyopungua kimo, na kinundu kisiposhushwa kwa tupa bapa, cheni huwa kali ila haiumi. Kikishushwa kupita kiasi, meno hung'ang'ania mti na msumeno huweza kumrukia aliyeushika. Ndiyo maana fundi makini hutumia kipimo na haamini jicho lake peke yake.

Grainda huharakisha mambo, na kwa haraka hiyo huweza kuharibu. Jino likigeuka bluu kwa joto, chuma kimekwisha: ama makali hayakai, ama tupa inateleza juu yake.

Cheni iliyonolewa vizuri huonekana kwenye gogo la kwanza. Inatoa vibanzi, na upanga unazama kwa uzito wake wenyewe. Ikitoa unga laini, zima mashine uinoe. Miti ya uani ina adui zake pia: msumari wa kamba ya kuanikia nguo uliomezwa na gome, waya wa uzio wa zamani, udongo chini ya gogo. Kuugusa udongo kidogo tu kunatosha kuondoa makali.

Kwa nyumba yenye mparachichi, migrevilea na ua wa michongoma, upanga wa inchi 14 unatosha, au 16 kama kuna magogo ya kukata. Chenso ya betri inafaa kupogoa na haiwakeri majirani. Ya petroli ni ya kazi ndefu. Mashine za kufyeka nyasi na kukatia ua nazichagua kwa uzito tu, mkono usichoke. Lakini chenso, iwe ya betri au ya petroli, inataka breki ya cheni inayoshika, oili safi ya cheni, na tupa ya unene ulioandikwa kwenye boksi la cheni, mara nyingi milimita 4.0 au 4.8. Nunua zaidi ya moja. Kisha mtafute mnoaji wa mtaani kwako, na siku ukimpata umwombe akuache umalizie upande wa pili huku anakutazama.